Lorna wa Picha ya Sitini na Tatu

Mniwie radhi tangu sasa. Hadithi hii ilistahili msimulizi mwenye sauti nzito na uso wa huzuni, mkapewa mimi, mtu ambaye hata mazishini huombwa akae nyuma. Nitaiharibu. Mkicheka pasipochekwa, kosa langu. Msipocheka kabisa, langu pia.

Hapa mjini Bendigo, jirani yangu Merv Trembath, fundi mstaafu wa reli, alisafiri mara moja tu maishani. Mwaka 1971 yeye na mkewe Lorna walizunguka Ulaya siku thelathini na moja, na Merv akapiga picha makanisa, makasri na minara mpaka kidole kikaota sugu. Zilikuwa slaidi, vile vipicha vya kupitisha mwanga ndani yake, vikatokea ukutani vikubwa kama milango. Kila Januari, Jumapili moja mchana, majirani tuliitwa kuzitazama upya, kila mtu na sahani yake ya vitafunio. Nje jua la kukaanga mayai barabarani. Ndani mablanketi madirishani, giza, na sauti ya Merv.

Merv hakupiga picha ya jengo bila Lorna chini yake. "Simama pale, mama, watu waone ukubwa." Lorna ndiye aliyekuwa kipimo. Kuba hili ni Lorna arobaini kwenda juu. Mnara ule, Lorna tisini. Mwenyewe alisema ameiona Ulaya yote kwa kisogo.

Mwaka wa kumi na saba wa kutazama, ikatoka picha ya sitini na tatu. Kanisa kuu la mji mdogo kaskazini mwa Ufaransa: mlango mrefu kama nyumba mbili, safu za watakatifu wa mawe juu yake, na chini Lorna, koti la njano.

"Umesogea," alisema Merv.

"Nani?"

"Wewe. Nilikusimamisha juu ya lile jiwe la kaburi. Sasa umeshashuka, umekaribia mlango."

"Merv, mimi niko hapa kwenye kiti."

Nikadakia: "Miaka kumi na saba anakukimbia, mzee! Mwendo wa konokono, lakini nia anayo!"

Watu wakacheka. Lorna naye akacheka, kisha akainama kusugua vifundo vya miguu. "Jamani, mbona miguu imeniganda hivi?"

Merv ni mtu wa vipimo. Akachukua chaki, akachora mstari ukutani, sawasawa na viatu vya yule Lorna wa picha. Akaisogeza mashine ya slaidi mbele kwa picha moja, akairudisha ile ya sitini na tatu. Kla.

Koti la njano lilikuwa limeuacha mstari kwa hatua nzima.

"Rudi pale!" Merv aliufokea ukuta. "Lorna, rudi pale nilipokuweka!"

Safari hii nilicheka peke yangu, nikajisikia nikicheka, nikanyamaza. Harufu ya vumbi la taa ya moto ilikuwa imeondoka, na mahali pake pamekuja nta ya mishumaa iliyozimwa na udongo mbichi, na nyuma ya ngurumo ndogo ya ile mashine tukasikia nyayo juu ya mawe, taratibu, za mtu asiye na haraka kwa sababu anayemfuata hana pa kukimbilia, na mlango mrefu ukutani, ambao sote tuliujua umefungwa, ulikuwa wazi upana wa kiganja, na katika upana ule palikuwa na weusi uliokuwa ukitutazama.

"Merv," alisema Lorna, "zima."

Alikuwa kwenye kiti, hatua mbili kutoka kwangu, juu ya zulia nene. Sauti yake ikatoka mbali na juu, ikagonga kuta ambazo hazikuwepo, ikarudi: zima, zima, zima.

Merv akazima. Majirani wakazikumbuka sahani zao ghafla, wakaondoka. Tulibaki sisi watatu na Mama Karmena wa Malta, anayeishi nyumba ya kona. Akaushika mguu wa Lorna. Soli ya kiatu ilikuwa imelowa.

"Siku ile, mwanangu, ulisimama juu ya nini?"

"Kaburi," ilijibu ile sauti ya mbali. "Nilikataa. Nilimwambia kuna mtu amelala."

"Nikamwambia amelala miaka mia saba, hatajali," alisema Merv, macho chini.

"Aliyelala hajali. Anayejali ni jini anayemlinda," Karmena alinong'ona. Alikuwa tayari anachoma majani makavu ya mzeituni kwenye kikaango, akiyazungusha juu ya kichwa cha Lorna. "Anamwita mkeo kwa mwanga. Kila mwanga ukipita kwenye ile picha, mkeo anapiga hatua. Imebaki moja. Merv, mshike mikono, usimwache, ongea naye. Na wewe, mchekeshaji." Akaichomoa picha gizani, akaifunga kwa kitambaa cheusi, akanipa. "Kachome nje. Na kitambaa chake. Usiifungue."

"Mama, mimi siyo mtoto."

"Ndiyo maana nina wasiwasi."

Uani, jiko la matofali la kuchomea nyama lilikuwa bado na moto. Nilisimama mbele yake na kile kifurushi, chepesi kama biskuti, nikajiuliza: kama Karmena gizani amechomoa siyo? Kama ni ya sitini na nne, ile ya daraja, tukachoma daraja la watu bure, na yule jini akabaki ndani na Lorna? Nilijiona mwangalifu sana. Nikafungua, nikaishika kwa vidole viwili, nikafanya anavyofanya kila mtu mwenye slaidi mkononi asijue ni ipi: nikaiinua juu, kulielekea jua.

Ilikuwa yenyewe. Kisogo cha Lorna, kidogo kama punje ya mtama, kilikuwa kinapita kizingiti. Mlango ukajifunga nyuma yake.

Ndani Merv akaanza kuita, kwanza kwa jina, kisha bila jina.

Niliitupa motoni nikakimbia. Merv alikuwa bado ameshika mikono miwili ya Lorna, akiipuliza ipate joto. Karmena akanitazama.

"Uliifungua?"

"Hapana, mama."

Merv mpaka leo anamlaumu jini. Tunakunywa pamoja kila Ijumaa, na huwaambia watu wote baani kwamba tangu afiwe hajaona jirani mwenye roho nzuri kama mimi: sijamwacha alipie hata bia moja.