Shimo Nililoahidi Kulifukia

Mgeni hakukaa hata nilipomkaribisha. Alifungua mfuko wa salfeti, akamwaga kabichi zilizokufa juu ya meza yangu, katikati ya chupa zangu za kupimia.

"Wewe ndiye Mercy wa wadudu?"

"Ndiye mimi."

"Naitwa Fidelis, mjukuu wa Bibi Bernadeta. Mchumba wako ametufungulia shimo."

Nikaokota kabichi moja, jani likakatika mkononi.

Ilikuwa Alhamisi asubuhi, chumba changu cha uani, Mwembesongo. Jirani alikuwa anakaanga mihogo. Nakumbuka harufu ya mafuta kuliko ninavyokumbuka uso wa yule kijana.

Akaweka na chupa ya maji mezani. Maji mekundu, kama yamelala na kutu mwaka mzima. Nikachovya karatasi ya kupimia. Makali kama ndimu.

"Haya yanapita kwenye mfereji wenu?"

"Yanapita. Matuta yote ya chini yamekwisha. Na bibi anakula humo humo."

Mlionifuata humu mtandaoni kwa muda mnanijua. Ninyi wenyewe mliniita Mama Wadudu. Kwa wageni, nieleze kidogo.

Kuna bakteria wanaopenda maji makali. Maji ambayo samaki angekufa, kwao ni nyumbani. Wanakula chuma na salfa iliyomo kwenye jiwe, na wakila, shaba iliyofungwa humo inayeyuka na kutoka na maji. Tumbukiza msumari kwenye maji hayo, kesho unaukuta umevaa koti jekundu la shaba.

Bila tanuri. Bila moshi.

Baba yangu alichoma mawe ya shaba miaka kumi na tisa. Leo akipumua unadhani kuna mtu anapiga filimbi chumba cha pili. Ndiyo maana nilisoma nilichosoma.

Hao ndio wadudu wangu. Niliwatoa milimani Uluguru, kwenye shimo la zamani la wachimbaji wa ulanga, yale madini yanayong'aa kama kioo. Kijiji sitakitaja. Shimo liko kwenye shamba la Bibi Bernadeta, ardhi ya ukoo wa mama yake. Marehemu mume wake aliliziba mdomo kwa udongo wa mfinyanzi, likabaki linavuja tone tone.

Bibi aliniruhusu kuchota, kwa sharti moja.

"Chota matone, mjukuu wangu. Mdomo usiguswe. Ukifunguka kwa ajili yako, utaufukia wewe, kwa mikono yako."

"Naahidi, bibi."

Nilicheka hata. Nani angeufungua?

Basi Alhamisi ile, Fidelis akiwa bado amesimama mezani, nikampigia Erick, mchumba wangu. Ndiye aliyenisaidia kubeba drum za mawe ninamofugia wadudu, ndiye aliyenitafutia kampuni moja ya Dar iliyotaka kuja kuona kazi yetu Jumatatu.

"Erick, umefungua lile shimo?"

Nikasikia mlango ukifungwa upande wake.

"Ilikuwa iwe zawadi yako," akasema. "Wadudu wa kwenye drum walikuwa wamedhoofika. Nikapeleka vijana watatu wenye sururu. Sasa tuna wadudu wa kutosha."

"Bustani ya watu imekufa."

"Tutawafidia. Mercy, usipande huko. Jumatatu saa nne wageni wako hapa, na hizo drum mimi siwezi kuzieleza. Ni wewe tu."

Nikakata simu. Nikavua pete nikaiweka kwenye rafu, karibu na misumari. Nikasubiri machozi.

Hayakuja.

Mimi na Fidelis tulinunua chokaa ya kupunguza ukali wa maji, bodaboda mbili zikatufikisha mwisho wa barabara, tukabeba kichwani kwa zamu. Njia nzima Fidelis hakunilaumu. Mara moja tu, kwenye mteremko, aliniuliza kama chuoni walitufundisha kubeba mzigo au kuupima tu.

Bibi Bernadeta alikuwa mlangoni.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Umekula?"

"Nilitaka kuanza na shimo."

"Kula kwanza. Shimo halitembei."

Nilikula. Sikusikia ladha ya kitu.

Ijumaa tuliweka chokaa kwenye mfereji hadi kutu ikatulia chini. Jumamosi tulichimba udongo wa mfinyanzi bondeni. Nilipojaribu jembe mara ya kwanza, Fidelis aliniambia halina kitufe cha kuwasha, nisilitafute. Bibi alicheka hadi akashika ukuta. Nilijua ni kitu cha kuchekesha. Nilijua tu, kicheko hakikuja.

Jumapili, baada ya wao kutoka misa, tukaanza kujaza.

Wadudu hawa wanahitaji hewa. Ukiziba mdomo, unawanyonga. Nilikuwa nakanyaga udongo kwa miguu nikijua kwamba kila hatua inaua mbegu ya kitu nilichokilisha kwa mikono yangu mwaka mzima. Na chanzo kingine sina.

Jumatatu saa nne, simu ikaita juu ya jiwe. Erick.

Fidelis akaacha kupitisha udongo.

"Pokea, dada. Au shuka sasa hivi. Ukikimbia utawakuta kabla hawajaondoka."

"Imebaki kiasi gani?"

"Kama mdomo wa ndoo."

Nikaigeuza simu kifudifudi. Ikaita tena. Ikaita tena. Nikaendelea kukanyaga.

Saa saba mchana maji yalikoma kabisa. Hata tone.

Ndipo Fidelis akatoa karatasi kwenye mfuko wa shati. Ilikuwa imekunjwa mara nne, ina matope.

"Bibi alisema nikupe ukishamaliza. Siyo kabla."

Nikaikunjua. Ulikuwa ukurasa wa ripoti niliyowapelekea kampuni. Chini kulikuwa na sahihi yangu. Katikati, mtu alikuwa amepiga mstari kwa kalamu nyekundu:

*Mdomo wa shimo ukifunguliwa na hewa ikaingia, wadudu wataongezeka hata mara kumi. Napendekeza ufunguliwe.*

Wale vijana wa Erick waliiacha hapo shimoni walipomaliza kuchimba.

Niliandika mimi. Mwezi wa pili, nikiwa na matumaini tele, nikitaka wanikubali. Wakati ule sikuliona shimo la bibi. Niliona sentensi nzuri.

"Ulijua tangu Alhamisi?"

"Nilijua."

"Mbona ulisema mchumba wangu?"

"Sururu zilikuwa zake." Akafuta mikono kwenye suruali. "Bibi alisema tukikuonyesha mapema, utakuja kwa aibu. Alitaka kuona kama utakuja kwa ahadi."

Jioni nilimpelekea bibi ile karatasi. Hajui kusoma, lakini aliishika kwa mikono miwili kama cheti cha ubatizo.

"Ulisamehe lini?" nikamuuliza.

"Nani amekwambia nimesamehe? Matuta yangu bado yamekufa." Akanirudishia karatasi. "Kule kwenye simu ulikojisifia, waambie na hili. Watu wale wale."

"Nitawaambia, bibi."

Nilirudi mjini Jumanne. Erick alikuwa amekaa kizingitini. Nikampa ile karatasi. Aliisoma kama mtu anayeijua kwa moyo.

"Nilidhani ndicho ulichotaka," akasema.

Ndicho nilichotaka, siku nilipoandika. Tulikaa pale mpaka mihogo ya jirani ikaisha. Sikujua nani anatakiwa kumwomba nani msamaha. Pete bado iko kwenye rafu.

Jana kampuni wamenipigia. Wamenipa tarehe nyingine ya kuja kuona drum, na nafasi ya kazi, na maabara ambayo nimeiota tangu mwaka wa kwanza. Sharti lao ni dogo: habari ya shimo isitokee popote mtandaoni.

Nilimfikiria baba na filimbi yake. Niliifikiria ile maabara.

Halafu nikafungua simu, nikaanza kuandika: *Mgeni hakukaa hata nilipomkaribisha...*

Jamani, mlioniita Mama Wadudu, mlionipongeza kwa ule msumari wa shaba: sururu zilikuwa za Erick, sentensi ilikuwa yangu. Jiwe linalotoa shaba kwa maji makali ndilo hilo hilo linaloua kabichi, ni suala tu la maji yanaelekea wapi. Kabla hujaandika "napendekeza", teremka kwanza ukaone nani analima chini yako.

Ndugu zangu wa kampuni, najua mnasoma humu. Ile tarehe mpeni mwingine.

Bibi Bernadeta hana simu. Fidelis atamsomea Jumapili, wakitoka misa.

Fidelis, msomee polepole. Usiruke pale kwenye sahihi yangu.