Ghana Haina Waziri Mkuu

Saa tisa alasiri Balqis alirudi kutoka kazini. Alivua viatu mlangoni, akaweka mfuko wa mboga jikoni, akasikia mtu anavuta kamasi.

Alikuwa binti yake, Wiam. Wiam ana miaka kumi na tisa na anasoma katika chuo kimoja hapa Nizwa, Oman. Alikuwa amekaa sebuleni karibu na nyanya yake, Bibi Asya. Bibi alikuwa anachambua mchele.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Unalia nini?"

Wiam alimpa karatasi. Ilijaa wino mwekundu.

Darasa la Wiam lilipewa kazi. Kila kundi lieleze namna nchi moja ya Afrika inavyotawaliwa. Kundi litakalofanya vizuri zaidi litakwenda mji wa Sur kushindana na vyuo vingine. Kundi la Wiam lilipewa Ghana. Yeye ndiye aliyeandika.

"Makosa matatu makubwa," Wiam alisema. "Mwalimu wetu, Ustadha Ghadeer, anasema nirekebishe kabla ya Jumapili. Nikikosea tena, kundi la Ghanim ndilo litakalokwenda Sur. Wenzangu hawasemi na mimi."

Balqis alisoma. Akainua uso.

"Nani kakwambia Ghana ina waziri mkuu?"

Wiam alimtazama Bibi. Bibi aliendelea kuchambua mchele.

"Mimi nimemwambia," Bibi alisema. "Uongo? Kule kwetu yupo. Afrika naijua mie. Nimezaliwa Mlandege, Unguja."

"Mama, Ghana umefika?"

"Sijafika."

"Umesoma habari zake?"

"Balqis, mwanangu, Afrika ni Afrika."

"Si hivyo, mama. Kutoka Unguja hadi Ghana ni mbali kuliko kutoka Unguja hadi hapa Nizwa." Balqis alimgeukia Wiam. "Na wewe! Una chuo, una simu, unauliza mtu ambaye hajafika. Nawa uso. Twende kwa Memuna."

Memuna ni jirani yao, nyumba ya pili. Anafundisha hesabu. Amezaliwa Tamale, kaskazini mwa Ghana. Alisoma dini na Kiarabu tangu utotoni, kwa hiyo na majirani huzungumza Kiarabu. Bibi Asya naye alijifunga shela, akawafuata. Hakutaka kusengenywa akiwa hayupo.

Memuna alisoma karatasi, akacheka mpaka akashika mbavu.

"Wallahi, nchi hii uliyoandika siijui! Kaa, Wiam. Kosa la kwanza. Ghana ya leo haina waziri mkuu. Rais ndiye mkuu wa nchi, na ndiye mkuu wa serikali. Chini yake yuko makamu wa rais. Wanagombea pamoja."

"Na bunge?" aliuliza Wiam.

"Lipo. Siku ya uchaguzi tunapewa karatasi mbili. Moja ya rais, moja ya mbunge wa jimbo letu. Wote tunawachagua kwa miaka minne. Rais akichaguliwa mara mbili, basi, hagombei tena. Mawaziri anawateua yeye, lakini wengi wao lazima watoke bungeni, na bunge lazima liwakubali."

Wiam aliandika mbio mbio.

"Kosa la pili. Umeandika kwamba machifu huwekwa na serikali."

"Si kama liwali?" Bibi alidakia. "Liwali huwekwa na serikali."

"Hapana, Bibi. Liwali wenu ni mtu wa serikali. Chifu wetu hutoka katika ukoo wake, na wazee wa mila ndio wanaomweka. Kusini chifu hukalia kigoda. Kwetu Tamale hukalia ngozi ya mnyama. Anasuluhisha watu, anaangalia ardhi na mila. Lakini haruhusiwi kufanya siasa ya vyama. Akitaka ubunge, aondoke kwanza kwenye ngozi yake."

"Maskini!" alisema Bibi. "Mkubwa wa watu, halafu hana ruhusa ya kusema fulani ni bora?"

"Watu wake wamo katika vyama vyote, Bibi. Akishika upande mmoja, nani atawasuluhisha?"

Bibi aliitikia kwa kichwa. Hilo lilimwingia.

"Kosa la tatu," alisema Memuna. "Umeandika kwamba mgombea urais akiwapita wenzake, ameshinda. Kwetu haitoshi. Lazima apate zaidi ya nusu ya kura zote halali. Asipopata, wawili wa juu wanarudi kwa wapiga kura. Hiyo ndiyo duru ya pili."

Wiam alikunja uso. "Mtu ameshawapita wote. Kwa nini arudie?"

Balqis alisimama. "Maneno hayatoshi. Kesho Ijumaa, jamaa wote wanakula kwetu. Tutapiga kura. Memuna, njoo na wewe utusimamie."

Ijumaa, baada ya chakula, watu wazima kumi na watatu walikaa sebuleni. Walikuwa wanamchagua "rais" wa matembezi ya wiki ijayo. Wagombea walikuwa watatu. Luay, kaka yake Wiam, aliahidi Wadi Bani Khalid. Baba yao, Thuwaini, aliahidi mlima wa Jabal Akhdar. Shangazi Mazoon aliahidi shamba la wakwe zake huko Manah. Bibi Asya alipewa uchifu. Akatandikiwa mswala wa ngozi ya mbuzi, akakaa juu yake kama malkia.

"Wadi Bani Khalid kuna maji baridi!" Luay alipiga kelele. "Manah kuna nini? Nzi!"

"Manah kuna kivuli na nyama ya kuchoma," alijibu Mazoon. "Wewe utaogelea, mama zako watakaa juani wakulindie viatu!"

"Mazoon kasema kweli," alisema Bibi. "Na mie miguu yangu..."

"Chifu!" alisema Balqis. "Umekalia ngozi. Hakuna kampeni!"

"Lakini mimi—"

"Kura unayo. Ipige kwa siri kama wengine. Mdomo uweke kando."

Nyumba nzima iliangua kicheko. Bibi alijiziba mdomo kwa shela.

Kila mtu aliingia peke yake chumbani. Alichovya dole gumba katika wanja wa Bibi, akalibandika kwenye karatasi ya kura, mbele ya jina la mgombea wake. Alitoka, akatia karatasi katika kopo la plastiki linaloonyesha ndani.

"Sasa tunahesabu hapa hapa, mbele ya wote," alisema Memuna. "Kwetu kila kituo hufanya hivi. Kila mgombea aweke wakala wake."

Memuna alifungua karatasi moja moja, akaiinua juu. "Luay! Luay! Mazoon! Thuwaini! Luay!" Watu walihesabu kwa sauti. Watoto waliruka juu ya mito. Mwisho Luay alipata sita, Mazoon nne, Thuwaini tatu.

"Nimeshinda!" Luay alirusha kofia yake.

"Okota kofia," alisema Balqis. "Sita katika kumi na tatu ni zaidi ya nusu?"

Luay alihesabu vidole. "Si zaidi."

"Saba hawakukutaka. Wiam, umeona?"

"Nimeona!" Wiam alipiga makofi. "Baba anatoka. Duru ya pili!"

Walipiga kura tena. Mara hii hata halwa hakuna aliyeigusa. Ilipobaki karatasi moja, Luay alikuwa na sita, na Mazoon sita. Memuna aliifungua polepole.

"Mazoon!"

Vigelegele! Luay alikaa chini. "Lakini mwanzo niliongoza mimi."

"Mwanzo umekwisha," alisema Balqis. "Tia sahihi kwenye karatasi ya matokeo."

Luay akatia sahihi. Memuna alibandika matokeo mlangoni. Kisha alimpa Wiam nakala ya katiba ya Ghana. "Mimi nimekuonyesha njia. Lakini na mimi usiniamini tu. Soma humu."

Jumapili Wiam alisimama mbele ya darasa. Alieleza yote. Alipomaliza, Ghanim aliinua mkono. Darasa zima lilishajua habari ya Bibi.

"Na aliyeshindwa akikataa matokeo? Anakwenda kushtaki kwa bibi yako?"

Wanafunzi walicheka. Wiam hakuwa amejiandaa kwa swali hilo. Wiki iliyopita angekisia.

"Sijui bado," alisema. "Nipe dakika moja."

Alifungua katiba. Alipekua. Ustadha Ghadeer alitazama saa. Wenzake Wiam walishikana mikono.

"Hiki hapa," alisema Wiam. "Kifungu cha sitini na nne. Raia wa Ghana anaweza kupeleka shauri Mahakama ya Juu, ndani ya siku ishirini na moja tangu rais alipotangazwa. Ghanim, njoo usome mwenyewe."

Ghanim alikuja. Alisoma. Akarudi kukaa.

"Sahihi," alisema Ustadha Ghadeer. "Wiam, basi la Sur linaondoka Alhamisi, saa kumi na mbili asubuhi. Msichelewe."

Jioni hiyo Bibi Asya, karatasi mpya ya Wiam mkononi, alimpigia simu dada yake, Unguja. Sauti yake ilisikika mpaka jikoni.

"Nakwambia hawana waziri mkuu! Hawana! Ati nani kakwambia? Umefika wewe? Basi chukua kalamu, nikusomee."