Jini Aliyejifunza Kuunga Viungo

Kasoro ya kwanza ilikuwa ndogo, mtu mwenye shughuli zake angeipita bila kuiona. Askari mmoja wa plastiki, asiyezidi urefu wa kidole gumba, alilazwa jioni akiwa na msumeno kwenye mkono wa kushoto. Asubuhi msumeno ulikuwa kulia.

Arsène alimpeleka dirishani kwenye mwanga. Alimjua askari huyo kama baba anavyomjua mwanawe, maana mkono wa bunduki aliukata mwenyewe, akachonga msumeno kutoka gurudumu la saa mbovu, akaugundisha. Sasa upande wa kushoto ulikuwa na bunduki kama siku alipotoka kiwandani, na popote hapakuwa na tone la gundi.

"Mama Benie, uligusa basoda bangu?"

"Mi niguse bile bitu?" Lydie, mkewe, alimjibu kutoka uani alikokuwa akitwanga pondu, majani ya muhogo. "Hata kufagia pale chini naogopa. Binanitazama."

Kazi ya Arsène ilikuwa kutengeneza meno ya bandia, hapo hapo Mangobo, mtaa wa Kisangani, katika chumba cha mbele cha nyumba waliyopanga. Binti yao Benie alikuwa Yanonge kwa bibi yake, likizo. Kila Jumapili Arsène na rafiki yake Augustin walitandaza mezani majumba ya katoni, wakarusha dadu na kupigania sayari ambazo hakuna mtu aliyewahi kuzikanyaga. Maboksi ya askari yalitumwa na shemeji yake aliyeko Ubelgiji. Augustin aliwapaka wake rangi kama picha ya boksi ilivyoonyesha, akaridhika. Arsène hakuweza. Ilikuwa lazima akate, abadilishe vichwa, mguu wa huyu aupeleke kwa yule, ajaze ufa kwa resini ya meno na kuupiga msasa mpaka kiungo kisionekane. Alikuwa hodari, na alijua kuwa ni hodari, na hapo ndipo balaa lilipopata pa kushika.

Siku chache kabla ya asubuhi ile, mvua kubwa ilikuwa imekula udongo mbele ya kizingiti, ikafichua kibomba cha shaba kilichozibwa kwa nta pande zote mbili na kuzungushiwa uzi mweusi. Mtu yeyote wa Mangobo angejua ile ni nini. Nyumba ilikuwa ya watu wa Maniema kabla yao, Waislamu, na watu wale hawafukii hirizi mlangoni kwa mapambo. Lakini Arsène hakuona hirizi. Aliona mdomo wa mzinga, kipimo kamili kwa kamanda wake.

"Ile haiko kitu ya kuchezea," Lydie alimwambia. "Bale batu bakafunga kitu ku mulango, na we unafungua? Rudisha mu udongo."

"Ni tube tu, Mama Benie. Angalia quand même, mesure yake iko sawa kabisa."

Sikio la kufa halisikii dawa. Aliukata mwisho mmoja kwa msumeno mdogo wa kazini, na vumbi jeusi likamwagika mezani, laini kuliko unga. Mwingine angetoka mbio. Huyu alilisugua kati ya vidole akafurahi, kwa kuwa masizi mazuri ya kufanya silaha zionekane chakavu hayapatikani Kisangani. Alichovya brashi. Alipaka midomo ya bunduki, alipaka viatu, alipaka nyuso, mpaka jeshi zima likaonekana limetoka motoni, halafu akamwita mkewe aje kutazama. Lydie hakuja.

Basi nyumba ikaanza kufanya kazi yenyewe. Giza likiingia na umeme umekatika, kabatini walimokaa askari mlisikika msasa, polepole, kwa subira, ukisimama kidogo kama mtu anayepuliza vumbi atazame alipofika, kisha ukiendelea. Harufu nayo ilikuja: harufu ya jino la mtu likichimbwa na mashine, mfupa ulioungua. Arsène aliijua kutoka kwa daktari wa meno aliyempelekea kazi, lakini nyumbani kwake hakuna jino la kweli lililowahi kuchimbwa. Kila asubuhi jeshi lilikuwa limebadilika. Mwanzoni ilikuwa kazi mbovu, miguu imegeuzwa nyuma, kichwa kimepandikizwa tumboni. Siku zilivyokwenda ikawa bora. Kitu kilikuwa kinajifunza.

Kisha Mama Georgette, jirani, akapiga kelele uani. Bata wake alikuwa anachechemea kwa mguu mmoja wa kuku. Na kuku wa Lydie alikuwa akitembea kando ya ukuta, mguu mmoja wa kawaida na mmoja mpana wenye ngozi kati ya vidole, chap, chap, chap juu ya matope, akidonoa kama hakuna kilichotokea.

Arsène alimkamata, akafunua manyoya kutafuta kiungo. Hakukuwa na kiungo. Ngozi ya huyu iliingia katika ngozi ya yule kama maziwa yanavyoingia katika chai. Na hapa kuna jambo ambalo hakumwambia mkewe hata mara moja: kabla hofu haijamfikia, ulimfikia wivu. Aliinama juu ya yule kuku akasema polepole, kama anavyosema fundi akiona kazi ya fundi mwenzake:

"Kazi safi."

Nyuma ya sikio lake, juani, uani, watu wakipita njiani na baiskeli zao, pumzi ya baridi ilimjibu.

"Asante, fundi."

Alimwachia kuku akaingia ndani. Alifunga kabati kwa kufuli, akaivuta meza mbele yake, akakaa juu ya meza hiyo mpaka jioni bila kula, na Lydie alipomuuliza alisema ana malaria. Angesema ukweli saa ile wangeondoka wote wawili kwenda Yanonge. Alinyamaza kwa aibu. Mtu akishamsifu adui, atasimulia vipi?

Alfajiri Lydie alimwamsha kwa sauti ndogo sana.

"Papa Benie. Washa taa. Kuna mutu ananishika."

Hakukuwa na mtu. Aliwasha tochi ya simu, na mwanga ukapanda juu ya shuka, ukapita kiwiko cha Lydie na mkono wake mwembamba aliokuwa akiujua kwa miaka yote ya ndoa yao, ukafika kwenye kifundo, na kuanzia pale kwenda mbele kilikuwa kiganja cha mwanamume mzee, kinene, kilichokakamaa, chenye makovu ya kamba yaliyokatana na kucha nyeusi zilizopasuka, kikiwa kimelala juu ya kifua cha mkewe kikifungua na kufunga vidole, kufungua na kufunga, na Lydie akikitazama bila kupumua, machozi yakimtiririka masikioni.

"Haiko yangu," alinong'ona. "Arsène, ile mukono haiko yangu. Yangu iko wapi?"

Jibu lililetwa na Augustin asubuhi, juu ya pikipiki yake, bila yeye kujua analeta nini.

"Alors, mulisikia ya kule Wagenia?" alisema kabla hajazima mashine. "Muzee mumoja mwenye kutega mitego pale ku maji, Papa Lambert, aliamuka na mukono ya mwanamuke! Kucha za rouge, na kovu ya mafuta huku juu. Aliona vile tu, moyo ikasimama. Banamuzika leo, kabla jua haijashuka."

Arsène alimshika Augustin mkono. Rangi ile nyekundu ilikuwa yake. Lydie aliichota kwenye kikopo cha macho ya askari, wakacheka. Kovu alilipata akikaanga makayabu, samaki wa chumvi. Alimvuta Augustin ndani akamwonyesha mkewe amekaa kitandani, mkono umefungwa kitenge, na Augustin akafanya ishara ya msalaba, akarudi nyuma hatua kwa hatua mpaka ukutani.

"Nenda ulete Mwalimu Ramazani," Arsène alimwambia. "Yule wa Kasongo, karibu na musikiti. Usimuambie mutu mwingine."

Mwalimu Ramazani alikuja na mfuko wa ngozi na uso wa mtu asiyependa kuamshwa. Hakuketi. Aliunusa mlango, akatazama shimo la kizingitini, akamfungua Lydie kile kitenge na kukifunga tena kwa upole. Kisha akamgeukia mwenye nyumba.

"Njo we ulitoa hirizi?"

"Njo mimi," Arsène alikiri.

"Mule mulikuwa nini, ulitupa?"

"Nilipaka. Ku basoda bangu bote."

Mzee alifumba macho. "Mwanangu, jini alikuwa moja, mu tube moja. Sasa umemupa miili jeshi nzima. Na umemupa kazi." Alisogea karibu, sauti ikashuka. "Ulimusifu?"

Arsène alitikisa kichwa kukubali, na mbele ya mzee yule alijisikia mjinga kuliko siku yoyote ya maisha yake.

"Donc ni mwanafunzi yako. Sikia. Kumutoa, nitamutoa. Lakini kile aliunga, mimi siwezi kufungua. Ni yeye tu. Na mukono ya mama, ya kuibwa, ikiingia mu kaburi, mwenyewe ataifuata, leo leo. Mi nakwenda kusomea maji pale inje. We ingia umuamuru. Fundi anaamuru, haombi. Na usimupe kitu yako hata moja. Hata nywele."

Arsène aliingia katika chumba cha mbele akafunga mlango. Ilikuwa mchana, lakini harufu ya mfupa ulioungua ilikuwa nzito hadi macho yakamwasha. Aliisogeza meza, akafungua kufuli. Askari wote walikuwa wamegeuza nyuso kwake.

"Rudisha mukono ya muke wangu," alisema. Alitaka sauti iwe ya amri. Ilitoka ya mgonjwa.

Msasa ulisimama.

"Hukunifundisha kurudisha, fundi." Sauti ilitoka katika vinywa vile vidogo vyote pamoja, nyembamba kama mbu. "Ulinifundisha kutoa hapa na kuweka pale. Wewe huachi tundu. Nikiutoa wa mama kwa maiti, nitaweka nini?"

"Rudisha! Nakuamuru."

"Nipe wa kuweka."

Nje, simu ya Augustin ililia, na kupitia ukuta Arsène alimsikia akisema na mtu, kisha akija mbio mlangoni, akigonga, "Papa Benie, fanya mbio, banafunga sanduku, banafunga sanduku sasa," na kutoka chumbani Lydie akaanza kukohoa, kikohozi kikavu, kikohozi cha mtu aliyeingiwa udongo kooni, mara moja, mara ya pili, kisha mfululizo bila kuvuta hewa katikati, naye Arsène akiwa amesimama mbele ya kabati, akikumbuka vizuri kabisa aliyoambiwa na Mwalimu, kila neno, akauweka mkono wake wa kulia juu ya rafu katikati ya jeshi lake akasema:

"Chukua huu."

Haukuuma. Palikuwa na baridi tu, kisha kunata kidogo. Kikohozi kilikatika. Lydie alipiga kelele chumbani, na ilikuwa kelele ya furaha, "Imerudi! Papa Benie, imerudi, angalia!" naye akaficha mfukoni kiganja kinene chenye makovu ya kamba.

Mwalimu alifanya kazi yake, hakuna wa kumlaumu. Alisoma mpaka jasho likamlowesha kanzu, akanyunyiza maji kila pembe, akamwaga jeshi zima uani, akalimwagia mafuta ya taa na kulichoma. Plastiki ililia motoni. Upepo ulitoka mlangoni ukapindua sufuria ya Mama Georgette ng'ambo ya ua, halafu pakawa kimya, na harufu ikaisha kabisa. Lydie alicheka na kulia, akimshikashika kila mtu kwa mkono wake.

Wakati wa kuagana mzee alinyoosha mkono. Arsène alimpa wa kushoto.

Huko kwetu hata mtoto hampi mzee mkono wa kushoto. Mwalimu Ramazani aliutazama, kisha akautazama mfuko wa suruali, na uso wake ukaanguka.

"Ulimupa."

"Ilikuwa muke wangu, Mwalimu."

"Najua." Alichukua mfuko wake. "Kaburi haitakuita, maana ulitoa mwenyewe. Lakini basi sikumutoa. Nilimutoa tu mu bile bitu." Alikataa chai, akaondoka bila kugeuka nyuma, na baada ya siku ile kila Arsène alipopita karibu na msikiti mlango wa mzee ulikuwa umefungwa.

Lydie alipoujua ukweli hakumkimbia. Aliubusu ule mkono wa maiti, kidole kimoja kimoja, akasema mukono iliyookoa maisha yangu ni mukono ya bwana wangu, iwe ya nani. Mwanamke mwema. Arsène alilia, na kwa siku kadhaa alidhani labda wamelipa na yamekwisha. Meno ya bandia alijaribu kuyatengeneza, na mkono ulimtii. Ulikuwa hodari kuliko ule wa zamani.

Mchana mmoja mvua ilinyesha juu ya mabati, wakala lituma, ndizi za kuponda, wakajilaza. Lydie alisinzia mara moja. Arsène alikuwa macho, anasikiliza mvua, alipohisi bega lake la kulia likivutwa. Mkono ulikuwa umeondoka ubavuni mwake. Ulitambaa juu ya mto, ukafika nyuma ya sikio la mkewe, ukaanza kumpapasa shingo kwa ncha ya kidole gumba, polepole, kutoka mfupa mmoja hadi mwingine. Aliujua mpapaso ule. Hivyo ndivyo fundi anavyotafuta pa kupitisha kisu.

Aliushika kwa mkono wa kushoto akavuta kwa nguvu zake zote, na haukutikisika. Alifungua kinywa aite, na vidole vikakaza kidogo tu, vya kumwonya. Akafunga kinywa. Kidole gumba kilitulia kati ya mifupa miwili, kimepata mahali pake.

"Usiache, Papa Benie," Lydie alisema usingizini, akitabasamu, na akainua kidevu ili mkono upate nafasi.