Samaki wa Bwawa la Korosho

Kila Jumamosi, nikishafua sare zangu, mimi na rafiki yangu Hetal tulikwenda bustani ya umma hapa Kilifi kutazama samaki. Bwawa lake lilijengwa kwa umbo la korosho, limejipinda hasa. Babu Mwambire, mtunza bustani, aligonga kibati mara tatu penye ule mpindo, na samaki wekundu hao, wanakuja mbio!

Ndugu yangu Kitsao hakuwahi kuwaona. Alikuwa amevunjika mguu, amefungwa plasta, na kila nikirudi aliniuliza, "Kabibi, leo wamekuja wangapi?" Nikamwahidi nitamletea mmoja ndani ya ndoo amtazame, kisha nimrudishe.

Nitamkamataje? Hapo ndipo nilipojitia ujuzi. Kule kwa bibi yangu, watu hutwanga majani ya utupa wakayatia mtoni, samaki wakalewa na kuelea. Nikatwanga kidogo tu. Siku moja jioni nikaenda peke yangu, nikayamwaga bwawani.

Kumbe mtoni maji hukimbia, sumu ikaenda zake! Bwawani maji hayana pa kwenda. Samaki walizunguka kama waliopotea, kisha mmoja mmoja wakageuka matumbo juu, hata yule mkubwa mwenye doa jeupe. Nilikimbia na ndoo yangu tupu.

Kesho yake shuleni Hetal alinijia akilia. "Samaki wote wamekufa! Eti Babu Mwambire amemwaga dawa ya magugu. Kesho asubuhi anafukuzwa kazi."

Jioni hiyo Kitsao aliponiuliza habari za samaki, nilimwambia sikwenda. Sikuweza hata kumtazama usoni.

Asubuhi nilipitia bustanini kabla ya shule. Bi Wanjira, msimamizi, alikuwa na barua mkononi. Babu Mwambire amesimama mbele yake, kibati kwapani, hata hajitetei.

"Shikamooni," nikasema. "Si yeye. Ni mimi. Nilitia utupa."

Nikaeleza yote. Bi Wanjira akaichana ile barua.

"Mzee Mwambire, niwie radhi," akasema. "Rudi kazini."

Babu hakunigombeza. Afadhali angenigombeza! Alikaa ukingoni akafuta machozi kwa kofia yake. "Yule mwenye doa nimemlea miaka tisa. Mjukuu wangu, ungeniomba tu, ningekutilia samaki ndooni kwa mkono wangu."

Nililia mpaka kwikwi ikanishika.

Jumamosi tatu nilisugua bwawa pamoja naye. Tulipolijaza maji safi, Kitsao akaja kwa magongo. Babu, kwa mazoea, akagonga kibati mara tatu. Maji yalitulia.

"Wamekuja wangapi?" Kitsao akauliza, akinyoosha shingo.

Hetal alinitazama. Babu naye akaniachia mimi.

"Hakuna hata mmoja," nikasema. "Niliwaua mimi, Kitsao. Nilitaka kukuletea."

Kitsao aliinama, akatia mkono majini.

Babu aliniwekea mkono begani. "Bi Wanjira ameahidi vifaranga vya samaki mwezi ujao, nawe utanisaidia kuvilisha. Ukweli wako umeniokoa mimi, Kabibi, na nakushukuru. Lakini wale haukuwarudisha. Siku nyingine ukiwa na haja, iseme kabla hujatenda, ungali na kitu cha kuokoa."