Kufuli Namba 318

Sikwenda darasani siku ile kufundisha. Nilikwenda kutia saini karatasi ya Achim, mtoto wa marehemu Ewald, ili kesho yake ashuke mgodini. Ilikuwa Desemba, saa tisa na nusu alasiri, na huku kwetu Silesia, nchi ya baridi na migodi, saa hizo kiza kimeshaanza kuingia.

Achim akaomba arudie mchezo wa mafunzo mara moja. Unavaa miwani mikubwa inayoziba macho, unajiona uko chini, mita mia saba, mbele ya mkanda wa kubebea makaa ya mawe. Mkanda umekwama, uusafishe, utoke mzima. Mchezo ule ulitengenezwa kutokana na kifo cha baba yake. Mimi ndiye niliyewasimulia mafundi: Ewald aliingia chini ya mkanda bila kuifunga swichi kwa kufuli lake ili mtu asiwashe, nami, msimamizi wa zamu, kwa kutojua, nikauwasha. Miaka sita wanagenzi wanafundishwa uzembe wa Ewald, na mimi nalala usingizi wangu vizuri tu.

Nikaketi kiti cha mwalimu, maikrofoni mdomoni, nikaanza kupiga mluzi. Mgodini hatupigi mluzi. Skarbnik, mzimu wa mzee mwenye mgodi, haupendi, na anayemuudhi hulipa kwa damu. Lakini mimi nilikuwa juu ya ardhi, karibu na hita, nina andazi la jibini mkononi. Nilisahau kwamba maikrofoni inapeleka sauti kule chini, ndani ya mchezo.

"Mjomba," Achim akanong'ona. "Nani anapiga mluzi huku?"

Nikanyamaza.

Mluzi ukaendelea... wimbo wangu uleule.

Harufu ya mafuta ya taa ikajaa chumba.

"Kuna mzee amekuja na taa," akasema. "Nimemsalimu kichimbaji, Mungu akujalie heri, hajaitikia. Ananionyesha swichi." Akanyoosha mkono hewani. "Mjomba, mbona ina kufuli?"

"Haina. Hujaona vizuri wewe."

"Limeandikwa mia tatu kumi na nane."

Kwetu kila mchimbaji ana namba yake, na kufuli lake huandikwa namba hiyo. Hiyo ilikuwa ya Ewald.

Niliogopa, nasema kweli. Nilimrukia, nikamng'oa miwani kwa nguvu hadi akatoka damu puani, nikaivaa mwenyewe nione.

Mzee mwenye ndevu nyeupe aliinua taa yake. Kando ya swichi alisimama msimamizi wa zamu, uso wangu, koti langu, anatafuta ufunguo wa akiba wa kufuli lile. Zamu ilikuwa nyuma, makaa hayajatimia, na Ewald anachelewa kutoka chini ya mkanda. Nilijua atakachofanya kwa sababu nilishakifanya.

Nikapeleka mkono kumzuia.

Mkanda ukaamka.

Ulidaka vidole, kiganja, kiwiko. Nilisikia mfupa ukipasuka kama kuni kavu. Nilipiga yowe mpaka sauti ikakatika. Achim anasema darasani hapakuwa na mashine. Nilisimama katikati ya sakafu tupu, mkono wa kulia ukajisokota, ukavutika, ukang'oka begani, na damu ikaruka hadi darini. Mkono wenyewe haujapatikana mpaka leo.

Mafundi waliukagua mchezo. Hakuna mzee, hakuna kufuli. Daktari aliandika ajali ya mashine; mashine gani, hakusema.

Jana Achim alikuja hospitali. Hakuniamkia. Aliweka kitandani kufuli jeusi kwa vumbi la makaa, limefungwa, namba 318. Alisema aliliokota pale niliposimama. Kufuli lile nililitupa kwa mkono wangu kwenye makaa, miaka sita iliyopita. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Hapo ndipo yangu ilipoishia.

"Ufunguo unao," akasema taratibu.

"Sina."

Kweli sikuwa nao. Nilikuwa nimeuficha nyumbani, ndani ya sare yangu ya sikukuu ya wachimbaji, asikojua mtu.

"Unao, Mjomba. Yule mzee amekuachia mkono mmoja wa kufungulia."

Nikakunjua kiganja cha kushoto. Ulikuwa humo, umelowa mafuta ya taa.