Nywele za Sekela Zinakula Nini?

Hebu wewe, uliyekaa hapo. Nywele zina mdomo?

Hazina? Una hakika? Basi zinakulaje?

Sekela hakujua. Alikuwa darasa la kwanza, na darasa la kwanza hilo hawafundishi.

Sekela alikaa Tukuyu, kwenye migomba mingi na mvua nyingi zaidi. Mvua ilisema cho, cho, cho. Migomba ilisema faa, faa, faa.

Asubuhi moja ya likizo, Mama alimfumua nywele akamchana. Kwaru, kwaru, kwaru.

Kitana kikatoka na nywele. Nyingi! Na zote za mbele.

"He! Sekela, nywele zako zinahama?"

"Zinahamia wapi, Mama?"

"Kwenye kitana, mwanangu. Tazama."

Sekela akajitazama kwenye kioo. Nyuma, nywele. Katikati, nywele. Mbele, hakuna kitu. Paji la uso lilikuwa tupu, linang'aa, na vipele vidogo vidogo.

Kaka yake Ambokile akapita na kipande cha mkate. Akanyoosha mikono kama mabawa.

"Vuuuuu! Ndege inaomba kutua! Uwanja uko wazi!"

"Mama, mwambie huyo!"

"Ambokile, koma!" Mama alisema. Lakini ndege ilikuwa imesharuka, imetokea mlango wa nyuma.

Mama akashusha pumzi. "Zikiendelea kukatika hivi, shule ikifunguliwa tunanyoa zote. Zianze upya."

Kunyoa! Mashine ya Baba ilikaa juu ya kabati. Ikiwashwa ilisema nzzzzzz. Sekela aliiogopa kuliko mbwa wa jirani.

"Sitaki kunyolewa! Nataka ziote!"

"Basi tuzilishe," Mama alisema. "Nywele zinapenda yai. Zinapenda maharage. Zinapenda mboga za majani."

Mama akachukua kapu, akaenda sokoni.

Sekela akabaki anawaza. Tuzilishe. Sawa. Lakini tunazilishia wapi?

*Kichwa changu, kichwa changu,*
*nishike lipi, niache lipi?*

Akaenda kumuuliza jirani, Mama Lugano. Mama Lugano alikuwa anakamua nguo.

"Shikamoo, Mama Lugano. Nywele zangu zinakatika."

"Marahaba, mwanangu. Yai! Pasua yai, paka kichwani. Halafu kitunguu. Kitunguu kinaamsha nywele zilizolala."

Yai tena! Mama kasema zinapenda yai. Mama Lugano kasema paka. Sasa yai linapakwa au linaliwa?

Akaenda barazani kwa Shangazi Tupo, dada yake Baba.

Shangazi Tupo alisoma mpaka chuo kikuu. Ana digrii, ipo kwenye fremu, imening'inia ukutani na inatazama tu. Kazi hakuna. Basi Shangazi anasuka watoto wa mtaa mzima. Mikono yake ina kasi, na mdomo wake una kasi zaidi.

Siku hiyo alikuwa anamsuka mtoto fulani. Kaza, kaza! Vuta, vuta!

"Aiii!" mtoto alilia.

"Tulia wewe! Nikilegeza zitafumuka, mama yako aje kunisema!"

"Shangazi," Sekela alisema, "nywele zangu zile nini?"

Shangazi akachungulia simu. "Parachichi. Mafuta ya nazi. Maji ya mchele. Simu imesema. Research, mpenzi, research! Watu tumesoma."

"Ni vya kula au vya kupaka?"

"Next!" Shangazi aliita, na mtoto mwingine akakaa.

Sekela akarudi nyumbani anakuna kichwa. Mlangoni alikuta ile ndege, imetua, inakula mkate.

"Kaka Ambo, mafuta ya nazi ni ya kupaka au ya kunywa?"

"Wewe nawe! Gari linawekwa mafuta wapi? Juu ya bodi? Ndani! Kunywa."

*Kichwa changu, kichwa changu,*
*nishike lipi, niache lipi?*

Sekela hakushika lipi wala kuacha lipi. Alishika yote.

Akapasua yai kichwani. Pwaa!

Akapaka parachichi. Pacha, pacha.

Akasugua kitunguu. Macho yakawaka. "Uwiii!"

Akamwaga maharage ya jana juu yake. Akatandika na mchicha, kama kofia. Halafu akanywa kijiko kimoja cha mafuta ya nazi.

"Yeeek!"

Akatoka nje, akasimama uani, akangoja nywele zianze kula.

Nani alikuja? Nywele? Thubutu! Walikuja kuku.

Ko ko ko! Jogoo akaruka. Do! Akadonoa haragwe. Do! Do! Tetea akadonoa mchicha.

Sekela akakimbia. Kuku wakakimbia. Sekela akazunguka choo. Kuku wakazunguka choo. Ko ko ko ko ko!

Hapo hapo Mama akatokea na kapu lake.

"Sekela! Ni nini hiki?"

"Nalisha nywele, Mama! Lakini kuku wanazinyang'anya!"

Mama alicheka mpaka kapu likadondoka na ndizi zikatawanyika. Akampeleka Sekela kwenye beseni. Maji ya uvuguvugu. Chwa, chwa, chwa.

"Nywele hazina mdomo, mwanangu," Mama alisema. "Zinatumia wa kwako. Huu hapa." Akamgusa mdomo.

"Huu?"

"Huo huo. Maharage yanapita hapo, yanaenda tumboni, damu inayachukua, inayapeleka mpaka kichwani. Huhitaji kuyapandisha wewe."

"Na yai?"

"Kula."

"Na parachichi?"

"Kula. Ukitaka kupaka, paka. Lakini usialike kuku."

"Na mafuta ya nazi?"

"Paka. Kidogo tu, nywele zikiwa na unyevu."

"Na kitunguu?"

"Kitunguu ni cha mchuzi. Kiache kikae na mchuzi wake."

Basi Sekela akala. Yai, nyam. Maharage, nyam nyam. Mchicha, nya... haya, nyam. Akanywa maji mengi. Akalala mapema.

Jumapili ikafika.

"Next!" Shangazi Tupo aliita. "Sekela, njoo!"

Kaza, kaza! Vuta, vuta! Nyusi za Sekela zikapanda juu. Akijaribu kucheka, hacheki. Akijaribu kufumba macho, hayafumbi vizuri.

"Umependeza!" Shangazi alisema. "Hizi mpaka mwezi uishe."

Asubuhi Sekela akatazama mto wake. Nywele! Za mbele, tena!

"Lakini nimekula yai!" Sekela alilia. "Nimekunywa maji! Nimemaliza hata mchicha!"

Mama akatazama mto. Akatazama juu ya kabati. Mashine ilikuwa kimya, inangoja.

*Kichwa changu, kichwa changu,*
*nishike lipi, niache lipi?*

Sekela akaenda kukaa na Baba bustanini. Baba alikuwa anafunga miche ya nyanya kwenye vijiti, ili isianguke. Alifunga kwa kamba za mgomba.

"Nisaidie huu mmoja," Baba alisema.

Sekela akafunga. Kaza, kaza! Vuta, vuta! Mche wake ukasimama wima kuliko yote. Sekela akafurahi kidogo.

Zikapita siku. Mvua ikanyesha, cho, cho, cho. Nyanya za Baba zikanenepa.

Nyanya ya Sekela ikainamisha kichwa. Majani yakawa ya njano.

"Nani alifunga hii?" Baba aliuliza.

"Mimi. Nilikaza isianguke."

"Umeinyonga, mama."

"Lakini ina samadi! Ina maji!"

"Samadi ipo, maji yapo. Ila shingo imebanwa. Itamezaje?" Baba akafungua kamba. Akafunga tena, taratibu. Akapitisha kidole chake kati ya kamba na mche. "Unaona? Kidole kinapita. Hapo inapumua."

Sekela akatazama kidole. Akatazama nyanya.

Akapeleka kidole chake kwenye paji la uso, pale msuko unapoanzia. Akajaribu kukipitisha.

Hakikupita.

"Baba!" Sekela akaruka. "Baba! Mimi ni nyanya!"

Akakimbia mpaka barazani, matope miguuni, pa! pa! pa!

"Shangazi! Umeninyonga!"

Watoto wote kwenye foleni wakageuka. Kitana kikasimama hewani.

"Excuse me?" Shangazi alisema. "Nani kamnyonga nani?"

"Nywele zangu. Ulikaza. Hazipumui."

"Mimi? Tupokigwe? Na digrii yangu? Mtaa mzima unajua misuko yangu haifumuki!"

"Nyanya yangu pia haikufumuka," Sekela alisema. "Ilikufa kidogo."

Shangazi akaweka kitana chini.

Polepole akashika kilemba chake, kilemba anachovaa kila siku. Akakivua.

Nyuma, nywele. Katikati, nywele. Mbele, hakuna kitu.

"Shangazi!" Sekela alinong'ona. "Na wewe una uwanja wa ndege?"

"Ninao." Shangazi akajigusa paji la uso. "Nilipokuwa mdogo nami nilikazwa. Nililia, nikaambiwa tulia. Na mimi nawaambia hivyo hivyo." Akawatazama watoto kwenye foleni. Wote nyusi juu. "Nimesoma miaka yote ile, jamani, na hakuna aliyeniambia nipitishe kidole."

Akamketisha Sekela. Akafumua msuko mmoja. Ukafuata mwingine. Fuu, fuu, fuu.

Nyusi zikashuka. Macho yakafumba. Sekela akacheka, na mara hii alicheka uso mzima.

"Next!" Shangazi aliita. "Njooni wote. Leo tunafumua!"

Usiku, Mama alisema, "Haya. Mashine ingoje kwanza."

Basi Sekela akala yai na maharage. Akanywa maji. Akapakwa mafuta kidogo, kidogo tu. Nywele zikachanwa taratibu, kuanzia ncha. Shangazi akasuka mikubwa, milegevu. Ikifumuka, alisuka tena. Alinung'unika, lakini alisuka.

Nywele haziharakishwi. Sekela alitazama kioo leo, hakuna kitu. Kesho, hakuna kitu. Kesho yake, jamani, hakuna kitu!

Usiku wa kuamkia shule, Mama akapanda kiti. Akashusha mashine. Sekela akafumba macho, akashika meza kwa nguvu.

Mama akapitisha kidole mbele, polepole.

"Mh!" Mama alisema.

Akapitisha tena.

"Mh! Vinanichomachoma! Baba Ambokile, njoo na tochi!"

Baba akaja na tochi. Ambokile akaja na mabawa yake. Wote wakainama.

Vilikuwepo. Vinywele vifupi, vyembamba, vyeusi, vimesimama kama miche iliyotoka ardhini asubuhi hiyo.

Ambokile akakunja mabawa.

"Ndege haiwezi kutua," alisema. "Uwanja umeota majani."

Mama akarudisha mashine juu ya kabati. Nyuma kabisa, nyuma ya sufuria kubwa.

Shangazi Tupo alimfunga Sekela kitambaa laini cha kulalia. Akapitisha kidole kati ya kitambaa na kichwa. Kikapita.

"Ndaga fijo, Shangazi," Sekela alisema. "Asante sana."

"Ndaga, mpenzi. Lala."

Nje mvua ilisema cho, cho, cho. Migomba ilisema faa, faa, faa. Sekela akaimba chini ya shuka, kwa sauti ya usingizi:

*Kichwa changu, kichwa changu,*
*leo unapumua, lala salama.*

Akalala. Nywele zake nazo zikaota, kimya kimya.

Na wewe mkubwa unayesoma kitabu hiki, usikifunge bado. Ndiyo, wewe! Wewe mwenye kitana, wewe unayesema "tulia", wewe unayetaka msuko ukae mpaka mwezi uishe.

Mguse huyo mtoto aliye karibu nawe, pale mbele, kwenye paji la uso. Pitisha kidole.

Kinapita?

Hakipiti? Fumua! Si kesho. Sasa hivi.