Picha Tatu za Milango

Huyu nesi anakaa ghorofa ya pili, mlango wa kushoto ukimaliza ngazi. Ukimwona leo utasema ni mtu wa kawaida tu aliyechoka. Kuchoka kweli amechoka, lakini uchovu wake una habari ndefu, na mwenyewe huisimulia kwa sauti ya chini, jicho moja likiwa mlangoni.

Ilianza Jumamosi moja, saa nne asubuhi, jua limetoka vizuri na majirani wanaanika nguo. Nesi alikuwa ametoka zamu, akakaa kwenye basi muda wa saa tatu nzima, na miguu ilikuwa imemvimba hadi alipofika kwa mama yake akavua viatu kizingitini na kuingia peku. Miaka miwili sasa ilikuwa hivyo hivyo. Tangu baba afariki, mama alikuwa hakosi kupiga simu jioni. "Mwanangu, hebu njoo unitazamie milango kama imefungwa." Nesi alikuwa akienda kila wiki, na kila wiki aliikuta imefungwa. Kilichokuwa kinaharibika ni kazi. Juzi yake tu alisinzia wima akiwa na sindano mkononi, mgonjwa anamkodolea macho, na mkuu wa wauguzi akamwita ofisini. "Sista, ikitokea tena, mimi sikutetei." Kumhamisha mama nako kulishindikana. Mama alisema nyumba ile atatoka akiwa amebebwa, basi, mazungumzo yakaisha.

Ndiyo maana siku ile mkobani mlikuwa na waya mpya wa mtandao, na karatasi ya maelekezo aliyoandikiwa na fundi kompyuta wa hospitali. Alitaka kuiona milango ya mama yake akiwa kulekule kazini, ili kazi ibaki na mama naye abaki.

Lazima nikueleze kuhusu marehemu. Mtaa mzima ulimwita Mzee Komeo. Alikuwa mtunza stoo hadi akastaafu, na ugonjwa wake ulikuwa mmoja tu: hakuamini mlango. Siku moja walikuwa wanakwenda harusini, akarudi nyumbani mara tatu kuhakikisha kama amefunga, wakafika watu wanakunja viti. Baada ya aibu ile akanunua kikamera. Kila saa kumi na mbili jioni alipiga picha tatu, mlango wa mbele, mlango wa jikoni na geti la nyuma, na kikamera kikazituma chenyewe kwenye kisanduku cha kuhifadhia mafaili kilichokaa juu ya kabati. "Mlango unaweza kunidanganya," alikuwa akisema, "picha haiwezi." Watu walicheka sana. Naye alicheka nao, lakini hakuacha hata siku moja.

Sasa kisanduku kilikuwa palepale, kimefunikwa kitambaa cha kufuma, taa yake ya kijani inapepesa na diski ndani inakoroma. Nesi alikipangusa vumbi. Nywila aliikuta imebandikwa chini yake, kwa herufi kubwa kubwa za baba, kama lebo za stoo.

"Hicho ni kizee," fundi alimwambia kwenye simu. "Waliokitengeneza walishakisahau. Usikiweke wazi kwenye intaneti hata kidogo. Tengeneza njia ya siri kwenye ruta, hicho kidude cha intaneti, upitie wewe peke yako. Halafu watumiaji wa zamani wote, futa."

Kwa muda wa saa mbili alihangaika, akikosea na kurudia, chai ikipoa pembeni. Hatimaye ukurasa ukafunguka. Watumiaji walikuwa wawili: yeye, aliyejisajili dakika ile, na mwingine aliyeandikwa "baba".

"Mama, huyu namfuta."

Mama alikuwa amesimama nyuma yake. Akamshika bega, vidole vinatetemeka kama kawaida yake.

"Usimfute," akanong'ona. "Atashindwa kuingia."

"Nani, mama?"

"Usimfute tu, mwanangu."

Mtu aliyelala vizuri angeuliza tena. Nesi hakuwa na nguvu ya kuuliza. Akamwacha baba alivyo, na fundi alipouliza, akajibu, "Nimeshafuta." Kisha akamfundisha mama kupiga picha za milango kwa simu mpya aliyomletea ili ziingie kwenye kisanduku, akala, akavaa viatu vyake kwa shida na kurudi mjini.

Jumatatu, saa kumi na mbili na nusu, akiwa chumba cha mapumziko cha wodi, akafungua simu yake. Picha zilikuwepo tatu. Makomeo yote yamesukumwa hadi mwisho.

"Umefungwa, mama. Yote imefungwa."

"Haya, mwanangu. Ahsante." Mama akashusha pumzi. Nesi naye akashusha.

Wiki tatu alilala. Jamani, alilala! Mkuu wa wauguzi akamtania kuwa amenenepa mashavu. Jioni picha tatu, simu moja, "umefungwa, mama," na siku imekwisha. Ikafika Alhamisi ya wiki ya nne, akapiga mapema kabla ya saa ya picha, maana aliona vibaya kutompongeza mwanafunzi wake.

"Mama, siku hizi unapiga picha zimenyooka utadhani una studio."

Mama akakohoa kile kikohozi chake kidogo.

"Mama?"

"Picha gani, mwanangu? Ile simu mpya nilijaribu siku ya kwanza ikanishinda. Imo kwenye droo, haina hata chaji."

"Sasa nani ananitumia?"

"Ulinipigia ukaniambia umefungwa," mama akasema polepole. "Nikanyamaza."

Nesi akakata simu, akatazama upya. Kila picha ilikuwa na jina la aliyeituma. Alikuwa halijali, kama mtu asivyojali jina la kampuni kwenye kiberiti. Baba. Baba. Baba. Akarudi nyuma kwenye folda, wiki hadi wiki, mwezi hadi mwezi. Picha tatu kila siku, saa kumi na mbili kamili, miaka miwili yote. Hata siku ya mazishi.

Mlango wa jikoni ulikuwa na kioo kwa juu. Kwenye picha ya jana, kioo kilirudisha jiko zima: meza, birika, mama amekaa amewapa mgongo watu. Mahali alipopaswa kuonekana mpiga picha palikuwa na ukuta tu.

Akampigia fundi.

"Si ulisema umefuta?" fundi akafoka. "Dada, huyo ni mwizi! Kaipata nywila ya mzee, kaweka kamera humo ndani, anamchungulia mama yako. Futa sasa hivi!"

Maneno yenye akili, na mtu mwenye hofu hukimbilia maneno yenye akili. Ilikuwa saa kumi na mbili kasoro robo. Nesi akabonyeza. Kisanduku kikamuuliza kama ana uhakika. Akabonyeza tena. "Baba" akatoka kwenye orodha.

Saa kumi na mbili ikafika. Picha hazikuja.

Saa kumi na mbili na dakika sita, mama akapiga. Alikuwa ananong'ona.

"Umemfanya nini baba yako?"

"Mama, alikuwa mwizi..."

"Kila jioni namsikia. Kikamera kinalia, tk, tk, tk, halafu nalala. Leo hakikulia." Akavuta pumzi. "Baba yako hakuwa anaogopa wezi, mwanangu. Kuna kitu hufungua, na picha ndizo hukizuia. Tulikuficha. Tulijua utasema tumechanganyikiwa."

"Mama, funga mlango."

"Nafunga."

"Funga yote!"

"Nafunga, mwanangu. Nikifunga, kinafungua."

Simu ikakatika. Nesi akapiga mara kumi na tisa. Akajaribu kumrudisha "baba" kwenye orodha, kwa nywila ileile, herufi kwa herufi. Kisanduku kikakataa. Maji yakimwagika hayazoleki. Zamu aliiacha nusu, mkuu wa wauguzi anamwita na yeye hageuki.

Basi la mwisho lilikuwa limeondoka. La kwanza lilimfikisha Ijumaa asubuhi, jua limetoka vizuri, kama siku ile ya kwanza. Mlango wa mbele wazi. Wa jikoni wazi. Geti wazi. Makomeo yote matatu yalikuwa yameng'olewa na kupangwa juu ya meza, kila moja na skrubu zake pembeni, kwa mstari.

Mama alikuwa amekaa kwenye kiti chake. Mzima. Ametulia.

"Mama! Nani amefungua?"

"Acha wazi. Kuna hewa nzuri."

Akammiminia chai. Mikono haikutetemeka. Hakuuliza habari ya safari, hakumwambia amekonda. Alimtazama tu akinywa, muda mrefu, kisha akauliza, "Na kwako, Nesi, mlango unafungwa na nini?"

Miaka thelathini na nne, mama hakuwahi kumwita Nesi.

Aliaga bila kumaliza chai. Akachomoa kisanduku, akakitia mkobani, akatoka. Hapo nje jirani wa mama alikuwa anaanika mashuka.

"Afadhali umekuja," jirani akasema. "Mama yako yuko wapi? Tangu jana jioni milango iko wazi na ndani hamna mtu."

Nesi akageuka. Mama alikuwa amesimama mlangoni, anampungia mkono. Jirani alitazama kulekule, kisha akamgeukia Nesi, akingoja jibu.

Walimtafuta wiki mbili. Hospitali, vituo, mabondeni, kote. Hawakumpata. Kazi nayo ikaenda, kama alivyoonywa. Fundi, kwa majuto yake mwenyewe, alikifungua kile kisanduku bure, akakuta diski imekufa kabisa, haizunguki, haitoi hata mlio. "Hii haikuwa inafanya kazi, dada," alisema, hakumtazama usoni. "Hii imekufa zamani."

Jumapili moja, saa sita mchana, Nesi alikuwa ndio ametoka dukani. Mikono imejaa mifuko, mlango ameusukuma kwa kisigino, akaingia jikoni. Akasikia hodi.

"Nesi. Fungua."

Sauti ya mama. Ileile, hata kikohozi chake kidogo.

"Fungua. Nimechoka na ngazi."

Chozi lilimtoka, akapiga hatua. Ni mama yake, bwana! Nani angebaki amesimama? Mkono ulikuwa umeshanyooka. Ndipo simu ikatoa mlio mfukoni, mara moja.

Picha. Mlango wake mwenyewe, umepigwa kutoka ndani, umenyooka. Komeo limesukumwa hadi mwisho. Na mbele ya mlango, amewapa mgongo watu, yeye, mkono umenyooka.

Hakuwa amekomea. Anakumbuka vizuri hakukomea.

Hakugeuka nyuma. Alikaa chini palepale, akaziba mdomo kwa kanga, akalia bila sauti, na nje sauti ikaendelea kuita Nesi, Nesi, hadi saa kumi na mbili jioni. Ikanyamaza.

Alipothubutu kutoka kesho yake asubuhi, alikuta sakafuni nje ya mlango skrubu nne, zimepangwa kwa mstari. Akarudi ndani akalitazama komeo lake. Matundu yote manne yalikuwa matupu. Hakuna kilicholishika kwenye ubao. Akalivuta kwa nguvu zake zote, kwa mikono miwili, na komeo halikutikisika.

Hajalirudishia skrubu mpaka leo. Kila jioni, saa kumi na mbili, simu inalia mara moja, anaitazama ile picha, halafu anasema taratibu, "Umefungwa, mama." Sisi wa chumba cha pili tunamsikia. Na baada yake, ukutani, tunasikia kamera ikilia: tk.